Betri Zimeyeyuka Ndani ya Kifaa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila wiki kwenye meza ya fundi hapa Dodoma: ya redio, rimoti, tochi, saa za ukutani, mashine za presha. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale ya nadra. Ukiwa na haraka, soma la 3, la 6 na la 9, kisha uanze kazi. Kuna jambo utaliona likijirudia: betri iliyoyeyuka huharibu kifaa polepole, lakini mtu mwenye pupa na maji mengi hukiua siku hiyo hiyo.

## Mambo ya msingi

1. Huu unga mweupe kwenye betri ni kitu gani?

Ni dawa ya ndani ya betri iliyotoka na kukauka. Betri za alkali zina hidroksidi ya potasiamu, kemikali kali inayounguza ngozi. Ikitoka nje hukutana na kaboni dioksidi iliyomo hewani na kugeuka kaboneti ya potasiamu, ndiyo huo unga mweupe unaofanana na chumvi. Betri za bei nafuu, za zinki na kaboni, hutoa kloridi ya zinki au kloridi ya amonia, zenye asidi kidogo. Hizo huacha ute wa kahawia au magamba meupe machafu.

Ukiona kijani au buluu, ujue shaba imeanza kuliwa. Ukiona wekundu wa udongo, hiyo ni kutu ya chuma cha springi baada ya rangi yake ya fedha kutoka.

Unga wa betri ya alkali hunyonya unyevu. Mwezi wa Agosti hapa kwetu huwa mkavu kama sembe na huruka ukiupuliza. Mvua zikishashika Januari, unga ule ule unakuwa utelezi unaotambaa hadi kwenye bodi. Kwa hiyo kiangazi linda pua na macho zaidi, na wakati wa mvua usiache kazi ya leo hadi wiki ijayo.

2. Fundi, redio ilikuwa imezimwa kabatini. Kwa nini betri zimeyeyuka?

Kuzima redio hakuzimi kinachoendelea ndani ya betri. Inaendelea kujila yenyewe kidogo kidogo na kutoa gesi ya haidrojeni. Gesi ikijaa, mfuniko wa plastiki wa upande wa hasi unaachia, na dawa inafuata nyuma yake. Betri za zinki na kaboni zina udhaifu mwingine: kopo lenyewe la zinki ndilo linaloliwa ili umeme upatikane. Betri ikikaribia kwisha, ukuta wa kopo unakuwa mwembamba kama karatasi na kutoboka.

Vifaa vingi pia havizimiki kabisa. Redio yenye saa ya kidijitali, rimoti na mizani ya jikoni huendelea kunyonya umeme kidogo hata vikiwa vimelala. Ongeza joto la chumba chenye bati lisilo na dari mwezi wa Oktoba, na mambo yanakwenda mbio. Sababu nyingine kubwa ni kuchanganya betri. Hiyo iko kwenye swali la 20.

3. Nitajuaje ni betri ya aina gani iliyoyeyuka?

Soma maandishi madogo kwenye ganda kabla hujaitupa. Herufi zinasema kila kitu:

R6, R03 au R20 ni zinki na kaboni. LR6, LR03 au LR20 ni alkali. Hiyo L mbele ndiyo tofauti. HR6 ni ya kuchaji, ya nikeli, na dawa yake ni ya alkali vilevile. CR2032 na jamaa zake ni za lithiamu, zile bapa za mviringo. Betri ya mraba ya volti 9 ikiandikwa 6F22 ni ya zinki na kaboni, na ikiandikwa 6LR61 ni ya alkali.

Maandishi yakiwa yameliwa, weka tone moja la siki kwenye unga. Ukitoa povu la vijipovu, mara nyingi ni mabaki ya alkali. Usipotoa povu na ute ukawa wa kahawia, kisia ni zinki na kaboni. Maneno makubwa ya kwenye ganda kama "nguvu zaidi" au "ya kudumu" hayakuambii aina. Muuzaji naye mara nyingi hajui.

4. Ni sumu? Naweza kushika kwa mkono?

Inaunguza. Betri ya alkali ndiyo mbaya zaidi kwa sababu mwanzoni hausikii maumivu, unasikia utelezi tu kama wa sabuni. Utelezi huo ni ngozi yako inayoyeyushwa. Vaa glavu, za hospitali zinatosha, na uvae miwani yoyote uliyonayo, hata ya jua. Usile, usinywe chai, na usijikune jicho hadi unawe kwa sabuni. Watoto na kuku wasiwepo karibu. Ikitokea ajali, nenda moja kwa moja swali la 17.

## Maandalizi

5. Niandae vitu gani?

Gazeti la kutandika, mswaki wa zamani, pamba za masikio, kijiti cha meno, bisibisi inayoingia kwenye skrubu za kifaa, msasa laini kabisa au raba ya penseli, siki au magadi (angalia swali la 6), kitambaa kisichotoa nyuzi, na spiriti ya duka la dawa. Spiriti nzuri ni ile isiyo na maji mengi na isiyo na rangi. Kitakasa mikono cha jeli hakifai, kina glisarini inayobaki ikinata.

Fanya kazi mahali penye hewa lakini si barazani mchana wa Julai. Upepo wa Dodoma utakujazia vumbi ndani ya kifaa ulichofungua, na vumbi likikutana na siki ni tope.

6. Nitumie siki, ndimu au magadi?

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu jibu linategemea swali la 3.

Alkali huvunjwa nguvu na asidi dhaifu: siki, au maji ya ndimu yaliyochujwa. Siki ni bora kwa sababu haina sukari wala nyuzi za tunda. Zinki na kaboni huvunjwa nguvu na magadi: kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda, ule unga mweupe wa pakiti unaotiwa kwenye keki, kwa nusu kikombe cha maji. Hamira haihusiki kabisa, na beking pauda si kitu hicho, ina wanga na asidi ndani yake. Ukiwa kijijini bila duka la kuuza bikaboneti, magadi ya mawe yale ya kupikia mlenda yatafanya kazi. Yaloweke, yaache yatulie, kisha tumia maji ya juu yaliyo safi, maana mchanga wake unakwaruza.

Magamba magumu ya zinki na kaboni wakati mwingine hayaondoki kwa magadi. Ukishamaliza magadi na kufuta, gusa magamba hayo kwa siki kidogo, yatalainika. Ila usivimimine vyote viwili kwa pamoja. Vitachemka vizuri mbele ya macho yako, vitauana vyenyewe, na utabaki na maji ya chumvi kwenye redio.

Usipojua kabisa ni aina gani, sugua kikavu, futa kwa pamba iliyoloweshwa kidogo maji safi, malizia na spiriti. Utaondoa sehemu kubwa bila kuongeza madhara.

7. Si nioshe tu kwa maji ya bomba?

Usimwagie. Pamba yenye unyevu inatosha. Na maji yenyewe chagua: sehemu nyingi za Dodoma maji ya kisima yana chumvi, angalia tu ukoko ndani ya birika lako. Maji hayo yakikauka kwenye bodi yanaacha chumvi, na chumvi ikipata unyevu inapitisha umeme mahali usipotaka. Tumia maji ya chupa ya kunywa, maji ya mvua yaliyokingwa safi, au maji yaliyotoneshwa wanayouza kwa ajili ya betri za magari. Kwa hayo ya mwisho, hakikisha chupa. Kuna wauzaji wanaoita "maji ya betri" hata ile asidi yenyewe.

8. Petroli, mafuta ya taa, Jiki au soda je?

Petroli na mafuta ya taa hayavunji nguvu alkali wala asidi, yanalainisha plastiki za aina fulani, na cheche moja ni moto. Jiki inakula chuma, na ikichanganyika na siki inatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Usiziweke meza moja. Soda za kola zina asidi kweli, lakini zina sukari. Utaita sisimizi waje kumalizia kazi. Dawa ya mswaki inasugua vizuri ila inabaki kwenye vijipembe.

## Kusafisha

9. Nianzie wapi na niishie wapi?

Chukua mfano wa redio ya betri kubwa nne, ile ya shamba. Kama inatumia pia waya wa umeme, chomoa. Piga picha kwa simu betri zikiwa bado ndani, ili baadaye ujue upande wa chanya na hasi. Toa betri na uziweke kwenye gazeti, si kwenye kitambaa cha meza.

Sasa geuza redio ili chumba cha betri kitazame chini. Hili ni dogo lakini ndilo linalookoa redio. Ukisugua kikiwa kinatazama juu, unga wote na kila tone vinaingia kupitia matundu ya springi hadi kwenye bodi. Kikitazama chini, vinaanguka kwenye gazeti. Sugua kwa mswaki mkavu, taratibu, ukianzia juu. Pembeni mwa springi tumia kijiti cha meno. Usipulize kwa mdomo. Kazi hii kavu ikifanywa vizuri inamaliza sehemu kubwa ya uchafu, na ndivyo unavyohitaji dawa kidogo.

Kisha chovya pamba ya masikio kwenye siki, ikamue ukutani mwa kikombe isidondoke, na ugusie penye magamba. Kwa betri za R weka magadi badala ya siki. Utasikia mchemko mdogo na kuona povu. Subiri litulie, futa, tupa pamba hiyo, chukua nyingine. Usirudishe pamba chafu kwenye kikombe. Rudia hadi povu likome. Fuata kwa pamba yenye unyevu wa maji safi ili kuondoa siki yenyewe, maana siki ikibaki nayo inaanza kula chuma. Malizia kwa spiriti, ambayo inachukua maji na kupaa nayo.

Mwisho fungua skrubu na uangalie upande wa pili wa springi. Watu husafisha wanachokiona, wanafunga, na mwezi mmoja baadaye waya unakatika. Kama waya uliochomewa kwenye springi umekuwa mweusi au kijani, angalia swali la 13. Kama bodi ni safi, usiiguse.

10. Betri imenasa, haitoki.

Usiivute kwa plaizi upande wa juu, kofia itang'oka na dawa itakurukia. Dondoshea siki au magadi matone machache kuzunguka mwisho wake, kulingana na aina, subiri dakika kumi, kisha isukume kwa kipande cha mti au plastiki. Kwenye tochi ndefu ya bati, gonga kitako kwenye kiganja chenye glavu au kwenye mti, mdomo ukitazama chini. Ikiwa betri zimevimba ndani ya bomba la aluminiamu na hazitikisiki, hiyo tochi imekwisha. Usitoboe betri kwa drili ili kuivuta.

11. Springi imesafishika lakini imekuwa nyeusi. Nipige msasa?

Jaribu raba ya penseli kwanza. Springi ni chuma kilichopakwa nikeli, na msasa mkali unaondoa nikeli iliyobaki. Itang'aa leo na kushika kutu wiki ijayo. Tumia msasa laini pale tu ambapo kutu tayari imeshatoboa nikeli, na usugue ncha inayogusana na betri peke yake. Ukimaliza futa vumbi la chuma kwa spiriti.

12. Nikaushe kwa muda gani? Niweke kwenye mchele?

Ukitumia spiriti na pamba zilizokamuliwa, masaa mawili matatu yanatosha kiangazi. Kama maji yaliingia ndani, acha kifaa wazi siku nzima, na wakati wa mvua siku mbili. Kiweke kivulini penye upepo wa dirishani, kimefunikwa kitambaa chepesi cha kuzuia vumbi. Jua la saa saba linapinda plastiki na kuchafua kioo cha saa za kidijitali.

Mchele ni imani tu. Hewa ya Dodoma ya mwezi wa Septemba inakausha kuliko gunia zima la mchele, na haiachi vumbi la wanga kwenye vitundu.

13. Nimesafisha na kukausha, betri mpya, bado haiwaki.

Fuata mkondo wa umeme. Kwanza betri zenyewe: mita ionyeshe karibu volti 1.5 kwa kila moja, au 1.2 kwa za kuchaji. Duka la mtaani huuza betri zilizokaa juani dirishani, usiamini neno "mpya". Pili springi: je, inaigusa betri, au imelegea? Ivute kidogo. Kipande cha karatasi ya fedha ya sigara kilichokunjwa kinaweza kukuonyesha kama tatizo ni mguso, ila ni cha kupimia tu. Kikiteleza kinaunganisha chanya na hasi, na betri zinapata moto.

Tatu waya. Dawa ya alkali hupanda ndani ya waya, chini ya ngozi ya plastiki, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Kwa nje waya ni mwekundu safi. Ukiumenya unakuta shaba nyeusi ambayo risasi haishiki. Kusugua hakusaidii. Kata hadi uikute shaba inayong'aa, au badilisha waya mzima. Hiyo ni kazi ya dakika chache kwa fundi mwenye kifaa cha kuchomea risasi, na bei yake isikutishe.

Nne, kama njia za shaba kwenye bodi zimekatika na kuwa kijani, mpelekee fundi bila kuendelea kuchokonoa.

## Vifaa vyenye mambo yake

14. Betri zimeyeyuka kwenye rimoti ya LUKU. Nitapoteza uniti?

Hapana. Uniti ziko kwenye mita, kile kiboksi cha namba ni cha kuzungumza na mita tu. Safisha chumba cha betri kama swali la 9, ila upunguze siki kuliko kawaida, kwa sababu bodi iko karibu sana nyuma ya springi. Weka betri mpya, subiri kidogo, ingiza namba. Isipoonyesha kitu, wasiliana na TANESCO. Mita yenyewe iliyofungwa lakiri usiifungue kwa kisingizio chochote. Si mali yako na ndani yake kuna umeme wa kuua.

15. Mashine ya presha ya bibi, je, nitaiamini baada ya kusafisha?

Ikiwaka, usiamini namba ya kwanza. Weka betri mpya zote, pima mara kadhaa mkiwa mmetulia, kisha siku ya kliniki beba mashine yako, mpime kwa ya hospitali na kwa yako mkono ule ule. Zikipishana sana, iache. Rimoti ikikosea unakosa taarifa ya habari. Mashine hii ikikosea mtu anaongezewa au kupunguziwa dawa. Kwa kipimo cha sukari msimamo uwe mkali zaidi: kama dawa ya betri imefika kwenye tundu la kuwekea kijikaratasi cha damu, badilisha kifaa.

16. Betri za sola, bodaboda, tochi za kuchaji na simu?

Hizi ni familia nyingine, na maelekezo ya swali la 9 hayazihusu.

Betri ya sola, gari au pikipiki ni ya risasi na asidi ya salfuriki, ambayo ni kali na inaunguza vibaya. Ule ukoko mweupe au wa buluu kwenye vichwa vyake husafishwa kwa magadi ya bikaboneti na maji, kamwe si siki. Kwenye sola tenganisha paneli kwanza, kisha betri. Kwenye gari toa waya wa hasi kwanza na urudishe wa mwisho. Hakikisha vifuniko vimekaza ili magadi yasiingie ndani, na usivute sigara, maana betri inayochajiwa inatoa haidrojeni. Maji yakipungua ongeza maji yaliyotoneshwa, si asidi. Tochi nyingi za kuchaji zenye betri nzito ya mraba ndani ni za kundi hili hili, dogo tu.

Spika za kutangazia za wafanyabiashara wa masoko ya Majengo na Sabasaba zipo za betri za kawaida na zipo za betri ya risasi na asidi. Fungua uone kabla ya kushika chupa yoyote. Zile za betri kubwa sita au nane zinastahili kuangaliwa kila mwezi, kwa sababu mwenye nazo hubadilisha betri mbili zilizokufa na kuziacha nyingine.

Betri ya simu haitoi unga, inavimba. Hakuna kusafisha. Acha kuichaji, usiibonyeze wala kuitoboa, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, peleka kwa fundi.

## Ajali

17. Dawa imeingia jichoni, au imenimwagikia mkononi.

Maji, mengi, sasa hivi. Jicho lioshwe kwa maji yanayotiririka angalau dakika ishirini, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole, huku mgonjwa akizungusha jicho. Hapa maji ya bomba, ya ndoo, ya kisima, yote sawa. Usipoteze muda kutafuta ya chupa. Usitie siki, ndimu, maziwa wala magadi jichoni. Kisha hospitali, hata kama maumivu yametulia, kwa sababu alkali huendelea kupenya ndani ya jicho baada ya maumivu kupoa. Ngozi ioshwe hivyo hivyo hadi utelezi uishe, na nguo iliyolowa ivuliwe.

18. Mtoto amemeza betri ndogo ya mviringo.

Usisubiri kuona kama atatoa chooni. Betri bapa ikikwama kooni inaweza kuunguza koo ndani ya masaa mawili, kwa umeme wake, hata kama ganda halijatoboka. Usimtapishe na usimlishe. Mkimbize hospitali yenye eksirei. Kwa mjini ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au ya Benjamin Mkapa. Chukua kifaa ilikotoka betri au betri inayofanana nayo ili daktari aone namba. Betri ikiwa imeingia puani au sikioni, haraka ni ile ile.

Kama mtoto ameng'ata betri ya kawaida na kupata dawa mdomoni, msuuze kwa maji, afute mdomo, na umpeleke aangaliwe.

## Kuzuia na kutupa

19. Tumekua tukianika betri juani na kuzing'ata ili ziongeze nguvu. Kuna ubaya?

Inafanya kazi kidogo, ndiyo maana desturi hiyo haifi. Joto huamsha kemikali iliyobaki, na kuibonyeza betri kunasogeza dawa ya ndani, kwa hiyo redio inamalizia taarifa ya habari. Lakini betri hiyo ndiyo yenye kopo jembamba lililoelezwa kwenye swali la 2. Ukiing'ata unatoboa ukuta uliokuwa umebaki, na unaporudisha kwenye redio umeweka ndani kitu kilichoanza kuvuja. Kuiweka karibu na jiko ni hatari zaidi, hupasuka. Na betri isiyo ya kuchaji usiiweke kwenye chaja.

20. Naweza kuchanganya betri mpya na zilizotumika?

Usifanye. Betri zilizopangwa mstari mmoja zinapitisha mkondo mmoja. Ile dhaifu ikishakwisha, nyingine zinaendelea kuisukuma hadi inageuka upande, inajaa gesi na kuvuja. Kwa hiyo mbili mpya zinaungua kwa ajili ya mbili ulizotaka kuokoa. Badilisha zote, aina moja, siku moja. Kuchanganya R na LR kuna tatizo hilo hilo.

Kifaa kisichotumika mwezi mzima, toa betri. Wanaofunga nyumba kwenda likizo wakumbuke hasa saa za ukutani na rimoti.

21. Nipake mafuta ya mgando kwenye springi?

Kidogo mno, kwa ncha ya pamba, kwenye mwili wa springi na mahali inapoingia kwenye plastiki. Yanazuia unyevu. Ncha inayogusa betri iache kavu, kwa sababu mafuta hayapitishi umeme na yanakusanya vumbi, na vumbi hapa hatuna upungufu nalo.

22. Betri zilizoyeyuka nitupe wapi? Wengine hutupa chooni.

Usitupe chooni wala kwenye moto. Kwenye choo cha shimo hazipunguzi harufu kama watu wanavyosema, na metali zake zinakwenda kwenye ardhi ambayo jirani amechimba kisima. Kwenye moto zinalipuka. Ule unga mweusi wa ndani, ambao mashuleni uliwahi kutumika kupaka ubao, ni oksidi ya manganizi na mabaki ya ile dawa. Mtoto asipewe kuuponda.

Zifunge kwenye chupa ya plastiki yenye mfuniko, kavu, uiweke mbali na watoto, na ukiwa na nyingi uliza wakusanyaji wa taka za kielektroniki wenye kibali cha NEMC, baraza la taifa la mazingira. Za risasi na asidi ziuze kwa wanaonunua betri chakavu, zikiwa zima na zimesimama wima. Kumwaga asidi chini ili ziwe nyepesi ni kuharibu udongo wako mwenyewe.

23. Ni wakati gani niache tu?

Rimoti ya bei ndogo ambayo bodi yake imekuwa kijani, iache. Mdoli wa mtoto uliovuja hadi kwenye kitambaa, tupa. Tochi iliyonasa betri, swali la 10 limeshajibu. Saa ya ukutani inafaa kubadilishiwa kile kijimashine cha nyuma chote, kinauzwa peke yake na hakihitaji kuchomea.

Redio nzuri ya zamani ni suala lingine. Hata chumba cha betri kikiwa kimeliwa chote, fundi anaweza kuruka chumba hicho na kuweka waya wa nje wenye kishikio kipya cha betri, mradi volti ziwe zile zile na chanya isikosewe. Haipendezi kwa nje, inalia vizuri tu.